Mtu Wenu Akinajisiwa Mahali Mlipomkabidhi: Sheria Inawapa Njia Gani?



Safari hii hatuzungumzi juu ya mbolea, ng'ombe wa maziwa wala mikopo ya kikundi. Tunazungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, mkutano ukiisha na wazee wakiwa wameondoka. Ni jambo la mtu kunajisiwa mahali ambapo jamaa zake walimwacha wakiamini yuko salama. Huenda ni mama mzee katika nyumba ya wazee. Huenda ni mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ndogo ya mtu binafsi, zile tunazoziita nasingi homu. Huenda ni kijana mwenye ulemavu wa akili katika kituo cha kumtunza, au ni binti aliyekwenda kuchuma chai.

Jamaa wengi wakipata habari ya namna hii huuliza, "Sasa tutafanya nini?" Kisha hawafanyi neno, kwa aibu au kwa kutojua pa kuanzia. Tumeandika makala hii ili kikundi chenu kijue pa kuanzia.

Habari iliyotoka kwetu

Mwezi wa Februari 2023 shirika la habari la BBC lilionyesha filamu juu ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walisema kwamba walinyanyaswa kimapenzi na wasimamizi wao. Walikuwa wamefanya kazi katika mashamba yaliyokuwa kwa miaka mingi chini ya kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Unilever ilikuwa imekwisha kuuza biashara yake ya chai mwaka 2022. Baada ya filamu hiyo baadhi ya wasimamizi walisimamishwa kazi, na Bunge letu likaanza kuuliza maswali.

Wengi walijiuliza kwa nini wanawake hao walinyamaza muda mrefu hivyo. Sisi tunaoishi hapa tunajua sababu. Anayekupa kazi ndiye anayekupa nyumba. Ukimkasirisha msimamizi unapoteza mshahara, unapoteza chumba, na watoto wanatoka shule.

Katika nyumba ya wazee au hospitalini mambo ni hayo hayo, ila mtego ni mkali zaidi. Anayemwogesha mama, anayempa dawa na kumlisha uji, ndiye mtu mama anayemtegemea usiku na mchana. Akimtenda ubaya, mama atamwambia nani? Pengine hawezi kusema vizuri, au anasahau, au akisema watu wanajibu kwamba ni uzee tu. Ndiyo sababu jamaa wanapaswa kuwa macho na mdomo wake.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ndiyo sheria kubwa katika jambo hili. Tutataja mambo manne tu.

Kwanza, kumbaka mtu mzima ni kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka 10, na kinaweza kufika maisha. Umri wa mama si kitu. Nyanya wa miaka 80 analindwa sawasawa na msichana wa miaka 20. Wanaume nao wanalindwa.

Pili, mtu aliyelala, aliyezimia, aliyepewa dawa ya kumlevya, au asiyeweza kuelewa kwa sababu ya ugonjwa wa akili, sheria haimhesabu kuwa amekubali. Basi mfanyakazi hawezi kujitetea kwamba mama hakupiga kelele.

Tatu, sheria inawataja wazi wale waliopewa dhamana. Msimamizi au mfanyakazi wa hospitali akitumia cheo chake kulala na mgonjwa wa hapo, hata kama haikuwa kwa nguvu, ametenda kosa. Vivyo hivyo yeyote aliyeaminiwa kumtunza mtu, akamshawishi huyo aliye mikononi mwake. Kifungo hakipungui miaka 10.

Nne, mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwingine mara kwa mara kwa mambo ya kimapenzi, na anajua hayatakiwi, anaweza kufungwa miaka isiyopungua 3, au kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au yote mawili.

Saa za kwanza

Kabla ya mambo ya korti, kuna mambo ya mwili. Hapa tafadhali msikawie.

Mpelekeni mgonjwa hospitali nyingine, si pale pale alipotendewa. Hospitali za kaunti za Kericho, Kapkatet na Longisa, na hospitali za misheni kama Tenwek na Litein, zinajulikana kwa kila mtu. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze kabla ya saa 72 kwisha, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ikiwa ni mwanamke anayeweza kushika mimba, dawa ya kuzuia mimba hupewa kabla ya saa 120. Katika hospitali za serikali sheria inataka matibabu haya yawe bure. Hamhitaji karatasi ya polisi kwanza ndipo atibiwe. Yeyote akiwarudisha kwa sababu hiyo, ombeni kumwona daktari mkuu.

Asiogeshwe kabla daktari hajamwona. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zitieni katika mfuko wa karatasi au mzifunge kwa gazeti, zisitiwe katika nailoni, kwa sababu nailoni huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Daktari atajaza fomu ya PRC, ambayo ni ya waliotendewa dhuluma za kingono. Hakikisheni inajazwa, na mwombe nakala yenu.

Ikiwa saa hizo zimekwisha kupita, bado nendeni. Matibabu yapo, na kesi ya ubakaji haifi kwa sababu siku zimepita.

Vipi kuhusu asiyeweza kusema? Angalieni alama katika mapaja na mikono, damu katika nguo za ndani, maumivu ya kukojoa. Angalieni kama anatetemeka mtu fulani akiingia, au amekataa ghafula kuogeshwa na mtu aliyemzoea. Alama moja peke yake haithibitishi kitu, lakini inatosha kumwita daktari.

Njia ya kwanza: polisi na kesi ya jinai

Nendeni stesheni ya polisi mwandikishe habari katika kitabu cha matukio, na mpewe nambari ya OB. Msiondoke bila hiyo nambari. Iandikeni mahali pawili. Ulizeni kama kuna dawati la jinsia. Mtapewa fomu ya P3, ambayo haiuzwi, na daktari ataijaza.

Si lazima awepo mtu aliyeona kwa macho. Katika makosa haya korti inaweza kumhukumu mshtakiwa kwa neno la aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikiandika sababu zake. Na shahidi mzee, mtoto au mwenye ulemavu wa akili anaweza kupewa msaidizi wa kumsemea mbele ya hakimu. Kwa hiyo msikubali kuambiwa, "Huyu hajijui, kesi haiwezekani."

Jamaa nao wana nafasi yao. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa aliyedhulumiwa, au mtu anayemwakilisha, haki ya kupewa habari za kesi na kusikizwa kortini. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema kwamba anaweza hata kuwa na wakili wake katika kesi ya jinai, ingawa mwendesha mashtaka wa serikali ndiye anayeiongoza.

Na polisi wakizembea? Mwanzo mwende kwa mkuu wa stesheni, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma katika kaunti, au halmashauri ya kuwachunguza polisi, IPOA. Kumbukeni kesi ya Meru ya tarehe 27 Mei 2013. Wasichana waliokuwa wamenajisiwa waliwashtaki polisi kwa kutochunguza malalamiko yao. Mahakama Kuu ikasema kwamba uzembe huo ulivunja haki zao za kikatiba, na ikawaamuru polisi wafanye kazi yao. Uamuzi huo unaweza kutajwa Kericho na Bomet pia.

Njia ya pili: kudai fidia

Kesi ya jinai inamfunga mtu. Lakini nani atalipa hospitali, dawa, na mtu wa kumtunza mama? Hapo ndipo kuna kesi ya madai. Kesi hizi mbili ni tofauti, na mnaweza kuwa nazo zote mbili.

Katika kesi ya madai hamshtaki mfanyakazi peke yake. Mnaweza kumshtaki mwenye nyumba ya wazee, mwenye hospitali, au kampuni. Maswali yatakuwa haya: Je, walichunguza tabia ya mtu huyo kabla ya kumwajiri? Je, waliambiwa mapema wakanyamaza? Je, walimwacha peke yake na wagonjwa usiku kucha?

Mfano tunao hapa karibu, Nakuru. Wanafunzi wawili wa shule ya msingi walinajisiwa na mwalimu wao. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba lawama si ya mwalimu peke yake, bali pia ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, maana waliokabidhiwa watoto walikuwa na wajibu wa kuwalinda. Mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni 2, mwingine milioni 3. Ile ilikuwa shule, lakini wakili wenu anaweza kuuliza swali lile lile juu ya nyumba ya wazee: nani alikabidhiwa mtu huyu, na alimlindaje?

Na ikiwa nyumba hiyo ni ya kanisa? Wapendwa, jibu ni lile lile. Msalaba ukutani haubadilishi sheria. Mchungaji, padre au mtawa akisema, "Tusilichafue jina la kanisa," mwambieni kwa heshima kwamba aliyelichafua ni yule aliyetenda, na anayemficha.

Angalieni muda. Madai ya fidia ya kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya serikali muda ni mwaka 1 tu. Kwa mtoto, au mtu asiye na akili timamu, hesabu ya muda ni tofauti, na jamaa anaweza kufungua kesi kwa niaba yake. Mwoneni wakili mapema awaeleze muda wenu unavyohesabiwa.

Wengine huuliza kama ni bora kuishtaki kampuni kule Ulaya. Wafanyakazi wa Kericho na jamaa zao walijaribu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wavamizi waliingia shamba la Unilever, wakaua, wakabaka na kupora. Walalamikaji 218 walipeleka kesi London. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ikasema kampuni mama ya Uingereza haiwezi kushtakiwa kwa jambo hilo, na mwaka 2019 mlango wa rufani ukafungwa. Hatusemi njia hiyo haifai kamwe. Tunasema msiache mlango wa karibu mkitazamia wa mbali.

Njia ya tatu: kwa mfanyakazi

Ikiwa aliyedhulumiwa ni mfanyakazi, awe mchuma chai au msichana wa usafi katika hospitali, kuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na maandishi yanayoeleza unyanyasaji wa kimapenzi ni nini, mtu alalamike wapi, na mkosaji atafanywa nini. Ombeni kuyaona. Mwajiri asiyekuwa nayo ameanza kushindwa tayari.

Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa ofisa wa leba, kwa chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, au katika Mahakama ya Ajira, ambayo ina kituo Kericho. Aliyefukuzwa kwa sababu alikataa kulala na msimamizi anaweza kudai kwa kufukuzwa isivyo haki, na pia kwa unyanyasaji wenyewe. Muda ni miaka 3.

Njia ya nne: wanaotoa leseni

Hospitali na nasingi homu zina leseni ya baraza la madaktari, KMPDC. Wauguzi wanasimamiwa na Baraza la Wauguzi. Barua ya malalamiko kwao ni bure. Wanaweza kumwondolea mtu ruhusa ya kufanya kazi, asije akahamia kaunti nyingine na kuanza upya. Njia hii haileti fidia, lakini inawalinda wagonjwa wengine waliobaki vitandani.

"Tuyamalize nyumbani"

Sasa tufike penye ugumu. Mara nyingi mwenye hospitali au ndugu za mshtakiwa huja jioni na wazee. Wanaleta ng'ombe au bahasha, na karatasi ya kutia sahihi. Wanasema, "Sisi ni watu wamoja."

Tunaliheshimu baraza la kokwet. Limepatanisha majirani katika mambo ya mipaka na mifugo tangu babu zetu. Lakini kosa la kubaka si deni la familia moja kwa nyingine. Sheria imesema wazi kwamba uamuzi wa kuachisha kesi hii si wa polisi wala wazee wala jamaa. Ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Karatasi iliyotiwa sahihi usiku haiifuti kesi.

Fikirini pia: ng'ombe analetwa kwa nani? Kwa wana. Mama aliyetendewa haulizwi, naye anarudishwa kitanda kile kile. Mwulizeni yeye kwanza anataka nini, hata kama anajibu polepole.

Pesa za wakili

Kesi ya jinai haihitaji wakili wa kulipwa, maana serikali ndiyo inayoshtaki. Kwa kesi ya madai, ulizeni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, lina ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kituo cha Sheria nacho kimewasaidia maskini tangu miaka ya 1970. Kwa ushauri wa haraka kuna simu nambari 1195 ya dhuluma za kijinsia, na 116 kwa mambo ya watoto. Kupiga ni bure.

Jihadharini na madalali wanaotembea vijijini wakisema, "Tia sahihi hapa, wakili atalipwa tukishinda tu." Sheria ya mawakili haikubali mapatano ya namna hiyo. Ombeni kila malipo yaandikwe, na mpewe risiti.

Kazi ya kikundi

Kikundi si polisi wala korti, lakini kinaweza kufanya mengi:

1. Chagueni watu wawili wanaoweza kutunza siri, mmoja awe mama, ili mwenye shida ajue amwendee nani.
2. Wekeni akiba ndogo ya nauli. Kesi nyingi hufa kwa sababu shahidi alikosa matatu ya kwenda kortini mara ya nne.
3. Watembeleeni wagonjwa na wazee walio mbali na nyumbani, siku tofauti na saa tofauti, bila kupiga simu kwanza. Mgonjwa anayetembelewa huogopwa na mwenye nia mbaya.
4. Kabla ya kumweka mtu mahali, ulizeni: Nani yuko zamu usiku? Wanawake wanaogeshwa na nani? Malalamiko yanapelekwa kwa nani? Wekeni mkataba na risiti zote.
5. Msilitangaze jina la aliyetendewa, hata katika maombi. Mungu anamjua.

Maswali ya kujadiliana

Katika kijiji chetu, mtu akinajisiwa, habari humfikia nani kwanza, na huyo hufanya nini?

Kutoka hapa tulipo hadi hospitali ya kaunti ni saa ngapi usiku, na tutapanda nini?

Ikiwa mshtakiwa ni ndugu wa mwanakikundi, tutasimama wapi?

Swali la mwisho ndilo gumu, na ni bora mlijibu sasa kabla halijawafikia. Mkumbuke yule mjane katika Injili ya Luka aliyemwendea kadhi asiyejali watu. Hakuwa na mali wala cheo. Alirudi tu, na kurudi tena, hadi akapewa haki yake. Tofauti yenu na yeye ni moja: yeye alikwenda peke yake, na ninyi ni kikundi.